Shukia Stesheni Hii, Pandia Ile

Juma hili kazeni kamba za viatu, kwa maana safari yetu ni ya miguu, ingawa itaanza na kuisha kwenye garimoshi.

Aghalabu tunapowatoa watoto matembezi siku ya Jumapili, huwa tunakwenda mahali kisha tunageuza na kurudi kwa njia ile ile. Nusu ya kwanza huwa tamu. Nusu ya pili huwa mzigo: jiwe ni lile lile, mti ni ule ule, na kitinda mimba keshaanza kudai abebwe. Waingereza walipata dawa ya maradhi haya zamani. Asubuhi unapanda garimoshi kutoka mjini, unashuka kwenye stesheni ndogo ya mashambani au ya pwani, unatembea mchana kutwa, na jioni unapandia garimoshi la kurudi kwenye stesheni nyingine kabisa. Hugeuzi kurudi ulikotoka. Gari huna, kwa hivyo hakuna gari la kurudia. Unachohitaji ni tiketi, viatu, chakula na ramani.

Mtindo wenyewe si wa jana. Katika miaka ya 1930 kampuni za reli za nchi hiyo zilikuwa zikiuza tiketi za watembeaji, zilizomruhusu mtu kwenda hadi stesheni moja na kurudi kutoka nyingine. Mwaka 1997 bwana aitwaye Nicholas Albery alitoa kitabu, The Time Out Book of Country Walks, chenye safari 52 za miguu katika maeneo yanayofikika kwa garimoshi kutoka London, safari moja kwa kila juma la mwaka. Kitabu hicho ndicho kilichozaa kikundi kiitwacho Saturday Walkers' Club. Kikundi hiki hakina kiongozi wa msafara. Anayetaka hupanda garimoshi lililotajwa, hukutana na wenzake, wakaenda.

Huenda ukauliza: yanatuhusu nini sisi wa Umoja, Buruburu na Likoni? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, siku hizi si ajabu kuwa na mtoto, mpwa au rafiki anayesoma au kufanya kazi Uingereza. Wengi wao hukaa huko miaka mitatu, wakarudi wakiwa wameona darasa, chumba cha kulala na duka la pembeni tu. Pili, matembezi haya yana siri ambayo sisi huku twaihitaji zaidi yao. Siri hiyo si garimoshi. Tutaifikia, kwanza tutembee.

Nimechagua mfano mmoja: kutoka Seaford hadi Eastbourne, kusini kabisa mwa Uingereza, kando ya bahari inayoitenga nchi hiyo na Ufaransa. Ni mwendo wa kilomita 22 hivi, wa kupanda na kushuka.

Katika stesheni ya Victoria jijini London unapanda garimoshi hadi Lewes, kisha hapo unaingia jingine dogo linalokwenda Seaford. Kwa jumla ni kama saa moja na nusu. Mweleze karani wa tiketi kwamba utakwenda Seaford na kurudi kutoka Eastbourne, akushauri tiketi ifaayo, kwani reli za miji hiyo miwili huungana karibu na Lewes. Uwe umefika Seaford kabla ya saa nne asubuhi. Kumbuka kwamba huko mchana haulingani mwaka mzima kama kwetu. Mwezi wa Juni jua hutua baada ya saa tatu usiku, lakini mwezi wa Desemba giza huingia saa kumi jioni. Anayekwenda wakati wa baridi achague safari fupi zaidi.

Ukitoka stesheni, teremka hadi baharini. Usitarajie mchanga mweupe kama wa Diani. Ufuo wa Seaford ni wa vijiwe vinavyolia chini ya viatu. Utauona mnara mnene wa mviringo, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza walipohofu kuvamiwa na majeshi ya Napoleon. Ni ndugu mdogo wa Fort Jesus, kwa maana ulijengwa kumngoja adui atokaye baharini. Hapo geuka upande wa mashariki. Kanuni ya njia ni rahisi mno: bahari iwe mkono wako wa kulia.

Njia inapanda mara moja kwenda juu ya genge la Seaford Head. Ukifika juu, pumua, kisha tazama mbele. Utaona magenge meupe yaliyojipanga ukingoni mwa maji kama shuka zilizoanikwa. Weupe huo ni chaki, na imetokana na maganda ya vijidudu vya baharini vilivyokufa na kurundikana chini ya maji makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Watoto wakiambiwa kwamba kilima kizima ni jamaa ya ile chaki ya mwalimu, hawataamini mpaka waishike.

Teremka sasa hadi mdomo wa mto Cuckmere, palipo na nyumba chache za zamani za walinzi wa pwani. Picha ya nyumba hizo na magenge nyuma yake huenda umeiona kwenye kalenda. Papo hapo mgeni hukwama: hakuna daraja mdomoni mwa mto. Wako wanaovua viatu na kuvuka maji yakipwa. Usiwaige. Maji ya kule ni baridi na mkondo wake hauna huruma. Fuata ukingo wa mto kuelekea bara kwa kilomita mbili hivi hadi daraja la Exceat, uvuke, kisha urudi baharini kwa upande wa pili. Wenye watoto wadogo wanaweza kuishia hapo Exceat, kwa kuwa basi linalopita barabara kuu litawarudisha Seaford au kuwafikisha Eastbourne. Si aibu. Safari nzuri ni ile iliyo na mlango wa kutokea.

Wenye nguvu wataendelea hadi kwenye moyo wa safari: vilima vya Seven Sisters, yaani Dada Saba. Njia inapita juu ya migongo yao, mmoja baada ya mwingine, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Mrefu kuliko wote ni wa kwanza, Haven Brow, wenye kimo cha mita 77 hivi. Nyasi ni fupi kama zilizokatwa kwa mashine, kwa kuwa kondoo hawana kazi nyingine. Ukifika kwa dada wa nne, miguu itaanza kukuuliza maswali. Kaa chini, mbali na ukingo, ule mkate wako na mayai, unywe chai ya chupa, kisha uendelee.

Hapa nataka tuzungumze kwa sauti ya mzazi. Genge lile halina ukuta. Chaki ni mwamba laini. Bahari huila kutoka chini, na juu hubaki nyasi zilizoning'inia bila kitu chini yake. Aliyesimama juu haoni hatari hiyo. Anaona uwanja. Mwaka 2017 mwanafunzi mmoja kutoka ng'ambo alianguka akafa kwenye magenge haya baada ya kurukaruka ukingoni ili apigwe picha. Alikuwa kijana kama mwanao, na alitaka tu kumbukumbu ya siku nzuri. Kwa hivyo kaa hatua kumi au zaidi kutoka ukingoni, mshike mtoto mkono, na simu ibaki mfukoni mpaka mtakaposimama mahali salama. Vivyo hivyo usitembee ufuoni chini ya magenge, kwa maana mawe huanguka bila hodi, na maji yakijaa hayakuachii pa kutokea. Watu wa Lamu na Kilifi wanaojua bamvua hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Baada ya dada wa mwisho unateremkia Birling Gap. Palikuwa na safu ya nyumba hapo, lakini bahari imekuwa ikisogea na nyumba zikiondoka moja baada ya nyingine. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mbele kidogo, juu ya kilima, uko mnara wa taa wa Belle Tout, ulioanza kuongoza meli mwaka 1834. Ulistaafu mwaka 1902, ulipojengwa mnara mwingine wenye mistari myekundu na myeupe chini kabisa, majini. Mwaka 1999 wenye Belle Tout waliona ukingo umewakaribia mno. Basi wakaunyanyua mnara mzima, wakautelezesha kwa mita 17 kuingia bara. Nyumba ya mawe ilihama ikiwa nzima!

Mpando wa mwisho ni wa Beachy Head, mita 162 juu ya bahari, genge la chaki lililo refu kuliko yote Uingereza. Ule mnara wa mistari chini yako utauona kama kiti cha kuchezea watoto. Kutoka hapo ni kuteremka hadi mji wa Eastbourne, na kando ya bahari hadi karibu na gati lake, ndipo ukate kushoto kuingia mjini. Stesheni iko katikati ya mji. Nunua chai, panda garimoshi, vua viatu kama jirani yako hana pua kali, ulale hadi Victoria.

Naam, tumefika. Sasa ile siri.

Jiulize, msomaji: kondoo wale ni wa nani? Zile nyasi ni za nani? Uingereza ni nchi yenye mashamba ya watu binafsi kama ilivyo kwetu. Na bado mgeni kutoka Nairobi anaweza kushuka kwenye stesheni asiyoijua, akafungua lango la shamba la mtu, akapita katikati ya ng'ombe wake, akalifunga lango nyuma yake, na hakuna wa kumfukuza. Ardhi ni ya mkulima, lakini njia ni ya umma. Kibao chenye mshale wa manjano hukuonyesha kwamba hiyo ni njia ya miguu. Mshale wa buluu, kwamba hata farasi na baiskeli wanaruhusiwa. Mkulima akiilima njia inayokatiza shamba lake, sheria humtaka airudishe ndani ya siku 14 baada ya kuichimbua. Na iwapo watu wameitumia njia waziwazi kwa miaka 20 bila kuomba ruhusa wala kuzuiwa, sheria yaweza kuhesabu kwamba mwenye ardhi ameitoa kwa umma. Njia za namna hiyo katika Uingereza na Wales, ukiziunganisha zote, zinapita kilomita 200,000.

Usidhani mabwana wenye ardhi walizitoa kwa ukarimu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na viunga vyake, walipanda mlima uitwao Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Walinzi waliwakabili kwa virungu. Vijana watano walifungwa jela, akiwemo Benny Rothman aliyekuwa na umri wa miaka 20. Kosa lao kubwa lilikuwa kutaka kutembea siku yao ya mapumziko. Lakini kilio chao hakikupotea. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya mbuga za taifa, na sheria hiyo ikaziagiza serikali za kaunti kuziandika njia zote za umma kwenye ramani. Mwaka 2000 ikaja sheria nyingine iliyowafungulia watu milima na nyika nyingi.

Hata vile vilima vya Dada Saba havikubaki wazi kwa bahati. Katika miaka ya 1920 vilikuwa vikinyemelewa na wajenzi wa nyumba. Watu walichanga fedha, na mwaka 1926 ardhi ya Crowlink juu ya magenge ikanunuliwa ili isijengwe kamwe. Leo eneo hilo liko ndani ya Mbuga ya Taifa ya South Downs, iliyoanzishwa mwaka 2010. Ukikaa pale na mkate wako, umekalia mchango wa watu waliokwisha kufa.

Je, hadithi hii haikukumbushi ya kwetu? Miaka ya mwisho ya 1990 msitu wa Karura, ulio kaskazini mwa jiji la Nairobi, ulianza kukatwa vipande na kugawiwa watu binafsi. Marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na kundi la wanaume langoni mwa msitu, naye akapasuliwa kichwa. Hakunyamaza, na wanafunzi na makasisi na wananchi wa kawaida walisimama naye. Leo Karura ungalipo, wenye ukubwa wa hekta 1,000 hivi, na mtoto wa Mathare aweza kuona maporomoko ya maji bila kuondoka Nairobi. Pale nako chovya chovya ingalimaliza buyu lote.

Basi nakupa zoezi, wewe na jamaa yako. Kanuni ya stesheni mbili inafanya kazi hata kwa steji mbili za matatu. Karura una lango upande wa barabara ya Limuru na lango jingine upande wa barabara ya Kiambu. Panda matatu ya upande mmoja, lipa ada ya kiingilio, tembea msituni ukipitia maporomoko na mapango yanayohusishwa na Mau Mau, kisha tokea upande wa pili na upande matatu nyingine ya kurudi mjini. Mwache mtoto wa darasa la sita ashike ramani na kuwaongoza. Akiwapoteza kidogo, mvumilie. Kupotea ni sehemu ya masomo. Ulizeni mapema saa ya kufungwa kwa malango, mbebe maji, na takataka zenu zirudi nyumbani na nyinyi.

Onyo moja. Niliposema stesheni hadi stesheni sikusema tembea juu ya reli. Wengi wetu tumezoea kuifanya reli kichochoro, hasa inapopita katikati ya mitaa. Garimoshi halikwepi mtu, na dereva wake hata akikuona hawezi kulisimamisha papo hapo. Reli ni ya garimoshi. Mtu ana njia yake.

Na njia hiyo je? Hapo ndipo penye kazi. Hebu fikiria kile kichochoro ulichokuwa ukipitia kwenda shuleni ulipokuwa mdogo. Kingalipo, au kimezibwa na ukuta? Ile njia ya kuteremkia baharini baina ya ploti mbili za hoteli ingali wazi, au ina lango na askari? Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ufuo ni wako, msomaji. Lakini ufuo usio na njia ya kuufikia ni kama tunda lililo juu ya mti usio na ngazi.

Njia huanza kufa siku watu wanapoacha kuipita. Aliyejenga ukuta akiulizwa, husema: mbona hakuna aliyekuwa akipita hapa? Kwa hivyo piteni. Piteni na watoto, waambieni majina ya mito na vichochoro, ili siku moja wakiulizwa waweze kushuhudia kwamba njia ilikuwapo na walikuwa wakiipita. Na kama una kijana Uingereza, mkatie ukurasa huu au uupige picha umtumie. Mwambie Jumamosi moja aache kitanda, aende Seaford, bahari iwe kulia kwake, na ukingo uwe mbali naye.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia mwendo mwema.